Nimeng'oa nusu ya vitufe vya herufi vya laptopu. Niendelee kuvipanga upya kwa mpangilio wa Dvorak au nivirudishe?

Kidole_Kahawa (Kahawa West)

Habari zenu. Naandika kwa simu kwa sababu laptopu yangu ina mapengo kama mtoto wa darasa la pili. Vitufe kumi na vinne viko ndani ya kikombe cha chai hapa mezani, na kabla sijang'oa vilivyobaki nimeona heri niwaulize wanaojua.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Watafiti huniletea mahojiano waliyorekodi, nami huyasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, mpaka kikohozi na kicheko. Hulipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa nilizokaa kitini, kwa hiyo mkono ukichelewa hasara ni yangu. Mwezi huu nina rekodi za waendeshaji bodaboda wa Githurai na Roysambu, watu wanaozungumza kwa kasi ile ile wanayoendeshea.

Tatizo ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Tangu Februari kinaniuma kwenye kiungo, na jioni hata kukatakata sukuma wiki ni kazi. Daktari aliniambia nikipumzishe. Nikamuuliza kidole kimoja kinapumzishwaje wakati vingine tisa viko kazini. Akacheka, akaniandikia dawa ya kupaka.

Binamu yangu ndiye aliyenitia maneno. Alinieleza kwamba mpangilio huu wa herufi tuliouzoea kwenye kibodi, QWERTY, ni wa kale, ulianzia kwa Mmarekani Christopher Sholes wa mji wa Milwaukee, na Remington walianza kuuza mashine zake za kuchapa mwaka 1874. Baadaye akaja profesa August Dvorak wa Chuo Kikuu cha Washington, akachunguza herufi zinazotumika sana, akazileta mstari wa katikati ambapo vidole hupumzika, na mwaka 1936 akapata hataza pamoja na shemeji yake William Dealey. Mstari wenyewe ni A O E U I D H T N S. Niliutazama nikaona vokali zote tano zimejipanga mkono wa kushoto, nikasema moyoni: huyu bwana alimtengenezea Mswahili bila kujua.

Basi Jumapili stima ikapotea kuanzia saa nne asubuhi. Kazi haiendi, rekodi hazichezi. Nikakaa dirishani na kisu cha siagi, nikaanza kung'oa.

Mashine yangu ni ThinkPad T480 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, hizi zinazoitwa ex-UK. Nilipofika katikati ndipo nikagundua kwamba vitufe vya G, H na B vinakizunguka kile kinundu chekundu cha kusogezea kishale, kwa hiyo kila kimoja kimekatwa pembe. Dvorak inataka I ikae mahali pa G, D mahali pa H na X mahali pa B. Sasa I yangu ina pembe zake zote nne. Nikiikalisha pale inapanda juu ya kinundu kama mgeni aliyepewa jiwe badala ya kiti. Halafu kuna F na J, zenye vile vistari vya kupapasa. F inahamia mahali pa Y, J inashuka mahali pa C, na vile vistari ninavyovitegemea giza likiingia vinakwenda kukaa mahali ambapo hakuna kidole kinachovisubiri.

Na nilipokuwa nikitoa N nikasikia tik. Kuna kaplastiki kadogo nimekaokota kwenye zulia, sijui ni ka nini.

Maji nimeyavulia nguo. Niyaoge, au nivae nirudi nyumbani? Kuna mtu humu aliyepanga vitufe upya akafaulu? Na kidole kitapona, au binamu amenicheza? Mjue pia kuwa mpwa wangu wa Gredi ya Sita hutumia laptopu hii kwa kazi za shule, na yeye bado hutafuta herufi moja moja kwa macho kama kuku anayedonoa mtama.

---

fundi_ghorofa_ya_pili (Luthuli Avenue)

Dada, kwanza toa hivyo vitufe kwenye kikombe uvitie kwenye bahasha. Mteja wangu mmoja alishawahi kumimina chai juu ya Shift yake, akaja hapa akilalamika kwamba inanata.

Mimi nimekaa na kibodi za watu mwaka wa tisa huu. Kisu cha siagi kiachie mkate. Chini ya kila kofia ya kitufe kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na sisi mafundi tunaviita mkasi hivyo hivyo. Katikati yake kuna kikombe kidogo cha mpira, hicho ndicho kinachorudisha kitufe juu ukikiachilia. Kofia inashikwa na ndoano ndogo: upande mmoja huingia kwa kuteleza, upande wa pili hubofya. Ukiinua kwa nguvu upande wa kuteleza, ndoano inakatika. Hiyo ndiyo tik uliyoisikia. Mimi hutumia ile fremu nyembamba ya plastiki inayobaki ukishabandua laini ya simu. Naiingiza chini ya pembe polepole, nasikiliza upande upi unalegea, nainua huo.

Sasa iangalie N yako kwenye mwanga. Kama kilichovunjika ni ndoano ya kofia, hiyo kofia imekwisha, itafutiwe nyingine. Kama ni mkasi, una bahati. Kibodi ya Uingereza ina kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z, chenye mstari wa mshazari, ambacho watu wengi hapa hawakigusi mwaka mzima. Toa mkasi wake uulinganishe na wa N. Ukilingana, umejitibu bila kunilipa. Wakati wa kurudisha, mkasi ukae kwanza kwenye chuma chake, kisha kofia juu, bonyeza mpaka ulie.

Vile vipana, yaani cha nafasi, Enter, Shift na Backspace, usiviguse kabisa. Chini yake kuna waya wa chuma, na huo waya ukipinda tutaonana. Kibodi nzima ya mashine yako nabadilisha kwa elfu tatu na mia tano, kufunga kukiwa ndani, lakini ningependelea usije.

Kuhusu kupanga upya: nimeombwa mara mbili tu tangu nianze. Wa kwanza alirudi baada ya wiki mbili nimrudishie zilivyokuwa. Wa pili hakurudi, sijui alifurahi au alihama mtaa. Na hizo G, H, B hazina dawa. Usizichonge na wembe, najua umeshafikiria.

---

Chapa_1982

Mwanangu, pole na kidole.

Mimi nilijifunza kuchapa mwaka 1982 katika chuo cha makatibu hapa mjini, ghorofa ya tatu, mashine ishirini ndani ya chumba kimoja na kengele inalia kila mtu akifika mwisho wa mstari. Wiki ya kwanza mwalimu alipita na plasta nyeupe ya hospitali, akafunika kila kitufe. Picha ya kibodi ilikuwa imebandikwa ukutani, mbele. Ukitaka kujua herufi iko wapi, tazama ukuta. Ukitazama chini, rula inakukumbusha. asdf, nukta mkato, lkj, asubuhi mpaka saa kumi, mpaka usiku vidole vinachezacheza kwenye blanketi. Siku plasta zilipobanduliwa hakuna aliyejali kilichoandikwa chini yake.

Nasema hivyo kwa sababu unavyosumbukia hizo kofia ni kana kwamba vidole vinasoma. Havisomi. Kama bado unatazama chini, basi hata ukipanga Kidvorak utatazama chini Kidvorak.

Sasa kidole. Nikuulize: meza yako ni ya kulia chakula? Wengi wanaofanyia kazi nyumbani hutumia hiyo, na kwa kuchapa iko juu mno. Mabega yanapanda, kifundo cha mkono kinalalia ukingo wa mbao, na vidole vinachapa vimepinda kwenda juu. Sisi tulifundishwa kiwiko kikae usawa wa vitufe na kifundo kielee, kisiegemee kitu. Tena mashine zile zilikupumzisha zenyewe. Karatasi ikiisha unatoa, unaweka nyingine na kaboni zake, unasawazisha. Vile vyuma vyenye herufi vikinasana kwa sababu umepiga haraka mno, unavitenganisha kwa mkono. Ninyi mnakaa saa nne bila kuinua kiganja.

Na kuna jambo mlilolitupa ambalo lilituokoa: hati mkato. Mkubwa wangu akizungumza dakika kumi, mimi nilikuwa na ukurasa mmoja wa mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni neno au kikundi cha maneno. Hiyo mashine yako haiwezi kufundishwa vifupisho? Mjukuu wangu akiandika herufi mbili kwenye simu neno zima linajitokeza.

---

colemak_rongai

Niaje @Kidole_Kahawa. Naandika programu, natumia mpangilio mwingine wa herufi uitwao Colemak tangu 2019, na sijawahi kuhamisha kitufe hata kimoja.

Nijibu hili kwanza. Laptopu yako ni ex-UK, na nina hakika Windows yake imewekwa Kiingereza cha Marekani kama zetu zote. Ukitaka @ kwa barua pepe unabonyeza wapi? Shift na 2. Kofia ya 2 imechorwa nini? Alama za kunukuu. Hiyo @ imechorwa kule karibu na Enter, na ukiibonyeza huko unapata alama za kunukuu. Umeishi na kofia mbili zinazokudanganya tangu siku uliyoinunua na barua pepe zako zinafika. Mama wa 1982 amemaliza maneno.

Kwa hiyo rudisha kila kitufe mahali pake, halafu ubadilishe kwa ndani. Dvorak imo kwenye Windows tayari, unaiongeza kwenye mipangilio ya lugha, na baada ya hapo kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi vinakuhamisha kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Mpwa akija unamrudishia QWERTY, anakuta mtama wake pale pale. Kwa Linux ni mstari mmoja tu:

setxkbmap us -variant dvorak

Ukiweka colemak badala ya dvorak ni hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa Dvorak kwa sababu kati ya herufi 26 inahamisha zote isipokuwa A na M. Ni kama kuhama nyumba, mtaa na kabila siku moja. Colemak, aliyoitoa Shai Coleman mwaka 2006, inahamisha vitufe 17. Z, X, C na V hazisogei, kwa hiyo kunakili na kubandika kwa Ctrl kunabaki mkononi. Na kwa mashine yako, H na B hazihami, ni G peke yake. Vile vistari vya kupapasa navyo usivisumbue, viache kwenye F na J zilivyo. Vinakuonyesha mahali vidole vinapokaa, na mahali ni pale pale, herufi ziwe zozote.

Onyo moja. Wiki yangu ya kwanza nilijifungia nje ya mashine yangu mwenyewe. Diski yangu hufunguliwa kwa neno la siri linaloulizwa kabla mfumo haujawaka, na pale mashine ilikuwa haijasikia habari za Colemak, bado iko QWERTY. Saa tano usiku, kazi inatakiwa asubuhi, naandika neno lile lile naambiwa si lenyewe. Nilishaanza kumshuku ndugu yangu mdogo. Kwa hiyo neno lako la siri hakikisha unajua vidole vyake kwa mipangilio yote miwili.

Habari za kasi usizibebe zote. Jeshi la majini la Marekani liliijaribu Dvorak mwaka 1944 likaisifu, lakini Dvorak mwenyewe alikuwa afisa humo. Mwaka 1956 Earle Strong akafanya jaribio jingine kwa ajili ya serikali hiyo hiyo, akasema faida haitoshi kugharamia kufundisha watu upya. Mimi nilihama kwa starehe ya mkono tu. Ila kwako sitakuzuia, kwa sababu ulichokiona ni kweli: vokali kushoto, konsonanti nyingi kulia, na sisi tunaongea konsonanti-vokali, konsonanti-vokali. Mikono itapokezana kama wawili wanaotwanga kinu kimoja.

---

Kidole_Kahawa

Nimerudi, na leo naandika kwa laptopu. Fundi, kilichovunjika kilikuwa mkasi. Kitufe cha ziada cha Waingereza kimetoa wake na umeingia sawasawa, ila N sasa inalia tofauti na wenzake, kama mtu mwenye mafua. Mama, meza ni ya kulia chakula. Umejuaje?

Sasa nisikilizeni. Kabla ya kujifunza chochote nilichora Dvorak kwenye karatasi, nikachukua kurasa za rekodi ya tatu ya bodaboda, nikapitisha maneno kwa penseli, kidole kwa kidole. "Wanasema": kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mwisho. "Habari" vivyo hivyo. "Matatu" vivyo hivyo. Nikaanza kutabasamu peke yangu, kinu kinatwangwa kweli. Halafu nikafika kwenye neno ambalo kwa kazi hii liko karibu kila mstari.

Pikipiki.

P iko mahali pa R. I iko mahali pa G. K iko mahali pa V. Zote tatu ni za shahada ya kushoto! Herufi nane, kidole kimoja, kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka. Nikajaribu "kuku": kidole hicho. "Kiu": hicho hicho. Mwendeshaji wa rekodi ya tatu ana wakwe Kikuyu na haachi kuwataja. K, I, K, U, Y, U: jina zima la mji, kutoka mwanzo hadi mwisho, shahada ya kushoto. Yaani kwa Dvorak matatu inapita bila kugusa breki na pikipiki ndiyo iliyokwama kwenye jamu. Mwenye kutumia Thika Road aniambie kama amewahi kuyaona hayo.

Sababu yake naiona. Profesa alipanga kwa ajili ya Kiingereza, na kwa Kiingereza K haitumiki sana, kwa hiyo aliisukuma mstari wa chini, kwenye kidole kile kile cha U na I, bila wasiwasi wowote. Kwetu sisi ku na ki ndiyo unga wa ugali. Kula, kulala, kiti, kitanda, nakuja, hakika. Ningekuwa nimehamisha kilio kutoka shahada ya kulia kwenda shahada ya kushoto, tena kwa kuvunja N.

Kuna lingine lililoniudhi zaidi, nalo ni A. Sihitaji kalamu kujua kwamba A ndiyo herufi yetu kubwa. Andika "wanafahamiana" uone, A sita ndani ya neno moja. Kwa QWERTY iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. Kwa Dvorak iko pale pale. Colemak, pale pale. Wafaransa kwa AZERTY yao wameipandisha mstari wa juu, lakini kidole ni kile kile kidogo. Hao wote hakuna aliyekihurumia, kwa sababu kwao mfalme ni E.

@colemak_rongai, wewe umeshaipima ya kwako kwa Kiswahili?

---

colemak_rongai

Hapo kwa pikipiki nimecheka mpaka jamaa wa meza ya pili akauliza kuna nini.

Ukweli ni kwamba sijawahi kuipima. Natetea Colemak miaka yote hii na ninachoandika mchana kutwa ni programu, na programu ni Kiingereza kitupu. Kiswahili changu huandikwa kwa simu, kwa gumba. Nimeipima sasa hivi baada ya kusoma ujumbe wako.

Pikipiki inapita vizuri. Kikuyu inabanana kidogo tu. Ku na ki ziko vidole tofauti. Lakini shahada ya kulia imebeba M, N, K, L, H na J, zote sita. Kwa hiyo "mkono", "mkate", "mnazi", "mjini", "njia", "njaa": herufi mbili za mwanzo ni kidole kimoja. "Mlango" ndiyo mbaya kuliko zote, M iko mstari wa chini na L iko mstari wa juu, kidole kinaruka ghorofa nzima. Ngeli ya M-MI yote nzima ikija kunishtaki sina wakili. Na ni shahada ya kulia, ile ile inayokuuma.

---

Chapa_1982

Haya tuliyajua bila penseli. Kwenye hiyo QWERTY mliyoizoea, andika "huyu". Andika "nyumba" ufike kwenye M. Sasa andika "hujumu": H, U, J, U, M, U. Neno zima ni shahada ya kulia, haitoki hapo hata mara moja. Mkubwa wangu alilipenda sana neno hilo kwenye barua zake, kila mtu alikuwa anamhujumu. Siku nyingine nilitamani kumwambia anayehujumiwa ni mimi.

Mwanangu, bado hujanijibu la hati mkato.

---

Kidole_Kahawa

Wiki tatu zimepita, nawadai taarifa.

Mama, jibu ni ndiyo, inafundishika. Programu ninayoandikia ina sehemu ya kusahihisha maneno yenyewe, ile ambayo siku zote ilikuwa inanigeuzia Kiswahili changu kuwa Kiingereza kibovu mpaka nikaizima. Nimeiwasha tena, nikafuta iliyoyajua, nikaifundisha yangu. Nikiandika pk na kubonyeza nafasi, inatoka pikipiki. bdb ni bodaboda. hy ni huyu. nyb ni nyumba. wmj ni waendeshaji, usiniulize kwa nini, ndivyo kidole kilivyotaka. Kanuni niliyojiwekea ni kifupisho kisiwe neno halisi. Nilianza na "ki" iwe "kwa hivyo", nikajuta siku hiyo hiyo, kwa sababu watu husema ki- wakikatika katikati ya neno na mimi huandika walivyosema. Sasa nina vifupisho sitini na tatu, vimeandikwa upande wa nyuma wa daftari la Hisabati la mpwa wangu, ambaye anadai kodi.

Meza ya kulia nimeiachia chakula. Nimehamia kwenye meza ya cherehani ya marehemu nyanya, ambayo iko chini, na kiwiko kinakaa kama ulivyosema. Nimeweka kengele ya simu kila nusu saa, ikilia nainua mikono. Kidole sasa kinauma siku moja moja, hasa nikikaa na rekodi ndefu. Sijui nishukuru meza, vifupisho, kengele, au ile wiki ambayo sikufanya kazi yoyote kwa sababu herufi zilikuwa kikombeni.

Dvorak imebaki kwenye karatasi, nimeibandika ukutani kwa heshima. Colemak naifanyia mazoezi dakika ishirini kila jioni baada ya taarifa ya habari, kwa ubishi tu. Juzi niliandika sentensi nzima bila kutazama popote. Ilikuwa na neno "mlango" mara mbili, @colemak_rongai, na nilikukumbuka zote mbili.

Hasara imekuwa moja. Nilikuwa nimefundisha km iwe "kwa mfano". Mwendeshaji wa rekodi ya saba akasema kwa siku anaendesha kilomita arobaini, nami kwa mazoea nikaandika km 40, sikurudi kutazama, nikatuma kazi. Mteja amenipigia leo asubuhi, kwa upole kabisa, kuniuliza huyu bwana anaendesha kwa mfano arobaini ya nini.

---

fundi_ghorofa_ya_pili

Na ile N yenye mafua?

---

Kidole_Kahawa

Bado inapiga chafya. Lakini inaandika.

---

fundi_ghorofa_ya_pili

Siku ukipita mjini ilete niikalishe vizuri, sitakulipisha. Ije ikiwa kwenye kibodi, si kwenye kikombe.